Panya wa Maabara na Njia za Panya

Vichochoro vinavyokwepa forodha pale Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, vina jina ambalo kila mkaazi analijua: njia za panya. Humo hupita sukari, mahindi, petroli ya mitungi na, kwa miaka mingi sasa, bangi kutoka upande wa Uganda. Polisi hunasa mzigo, mahakama hutoa hukumu, na wiki inayofuata mzigo mwingine huvuka. Wateja hawakosekani. Uchunguzi wa NACADA, mamlaka ya Kenya inayopambana na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Mkenya mmoja kati ya 53 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia bangi. Sababu za kuivuta ni nyingi, lakini moja husemwa kwa sauti ya mtu anayetoa ushauri wa daktari: bangi hutoa woga. Dai hilo si la kuchekwa. Ni dai kuhusu ubongo, na madai ya namna hiyo hupimika. Limepimwa kwa zaidi ya miaka 20, tena kwa panya, safari hii panya wa kweli, mweupe, wa maabara. Sambamba nalo limepimwa dai la pili, la wenye makoti meupe, kwamba vidonge vya serotonini, yaani vya kuiongeza kemikali hiyo ya ubongo, huondoa hofu iliyomkwama mtu. Ukiyasoma majibu ya majaribio hayo ukiwa umesimama mpakani, utaona madai yote mawili yanajikwaa kwenye jiwe moja: yanaichukulia hofu kama doa la kufuliwa. Panya anaonyesha kwamba hofu ni somo, na kwamba somo likishaingia, linaloweza kufanyika kwa kawaida ni kufundisha jingine juu yake. Serotonini na kanabinoidi, kemikali za jamii ya zile za bangi, zina kauli kubwa juu ya kama somo hilo la pili litashika. Kulifundisha haziwezi.

Tuanze na jaribio lenyewe, kwa maana wengi hulitaja bila kulitazama. Panya huwekwa ndani ya sanduku ambalo sakafu yake ni fito za chuma. Unalia mlio, tuseme wa sekunde 30, na unapokatika anapitishiwa umeme kidogo miguuni. Mara tatu, nne, basi. Kesho yake mlio unalia peke yake. Panya anaganda: miguu imetulia, masharubu yametulia, kichwa hakigeuki, ubavu tu ndio unaopanda na kushuka kwa pumzi. Mtafiti anahesabu sekunde za kuganda, na hesabu hiyo ndiyo anayoiita hofu. Kisha linaanza somo la pili. Mlio unarudiwa mara nyingi bila umeme, na sekunde zinapungua hadi panya anarudi kunusa pembe za sanduku kama kawaida yake. Wataalamu huuita mchakato huo kuzimika kwa hofu, na Ivan Pavlov alikwisha kuona mfano wake kwa mbwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Neno kuzimika linapotosha kidogo. Mwache panya huyo wiki kadhaa, na sehemu ya hofu inarudi yenyewe. Mpige umeme mara moja bila mlio wowote, inarudi. Na hili la tatu ndilo lenye uzito kwetu: mtoe kwenye sanduku alilozimishiwa hofu, mrudishe kwenye lile alilotiwa hofu, na mlio uleule unamgandisha tena. Mark Bouton wa Chuo Kikuu cha Vermont ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuonyesha kwamba somo la hofu husafiri kwa urahisi, ilhali somo la usalama hubaki limefungwa mahali lilipofundishiwa.

Hapo mpaka unaanza kuwa na maana zaidi ya forodha. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi uliozua ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100 nchini Kenya, Wakenya wapatao 12,000 walivuka kuingia Uganda, wengi wao kupitia Busia na Malaba. Walipokelewa Mulanda, wilayani Tororo, mwendo mfupi kutoka mpakani, na baadaye wengi wakahamishiwa mbali kule Kiryandongo. Kwa kanuni ya Bouton, usingizi mnono wa Mulanda ulikuwa somo la Mulanda. Mtu aliyejifunza kule kwamba vishindo vya usiku havina madhara alikuwa hajajifunza hivyo kuhusu vishindo vya nyumbani alikofukuzwa. Anaporudi kwenye kiwanja chake akashtuka, watu humwambia hajapona, au ana roho nyepesi. Panya angewaambia kwamba masomo yote mawili yapo kichwani mwake, na mahali ndipo panapochagua lipi lisomwe. Si lazima kila aliyevuka awe hivyo. Baada ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, utafiti alioshiriki daktari wa akili Frank Njenga uliona dalili za kiwewe kwa takriban theluthi moja ya waliohojiwa miezi ya mwanzo. Theluthi mbili hazikuwa nazo. Ubongo wa wengi hujifunza somo la pili bila msaada, na swali lenye faida ni kwa nini wengine hushindwa.

Sehemu ya jibu ilipatikana mwaka 2002. Giovanni Marsicano na Beat Lutz, wakiwa Munich na wenzao, waliwachunguza panya wadogo waliozaliwa bila kipokezi kinachoitwa CB1. (Kiswahili kinamwita panya huyu na yule mkubwa wa majaribio kwa jina moja, wanasayansi huwatenganisha, na tofauti hiyo huwa na uzito mara nyingine.) CB1 ndicho kipokezi ambacho kiini cha ulevi wa bangi, THC, hukishika. Kiini hicho kilitambuliwa na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni huko Israeli mwaka 1964, kipokezi chenyewe kikajulikana mwaka 1990, na mwaka 1992 ikagunduliwa kemikali ambayo ubongo hujitengenezea wenyewe kwa ajili ya kipokezi hicho. Waliipa jina anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha tele. Panya wa Munich wasio na CB1 walijifunza hofu vizuri kama wenzao. Kilichowashinda ni kuizima: mlio ulirudiwa na kurudiwa, nao wakaendelea kuganda. Kwa panya wa kawaida, kila mlio ulipolia bila umeme, kemikali hizi za ndani zilipanda katika amigdala, kile kijipande cha ubongo chenye umbo la lozi kinachoamua lipi ni la kuogopwa.

Namna zinavyofanya kazi inastaajabisha. Kwa kawaida ujumbe wa neva huenda upande mmoja, kutoka seli inayotuma kwenda seli inayopokea. Kanabinoidi za ndani, kama anandamidi, hurudi kinyume. Seli inayopokea ikielemewa, huitengeneza kemikali hiyo palepale na kuirudisha kwa mtumaji: punguza. Aliyekuwepo Malaba mwezi Mei 2020, wakati upimaji wa korona ulipozifanya foleni za malori zifike makumi ya kilomita kuelekea Bungoma, anaweza kupata picha. Dereva aliye getini anampigia simu mwenzake aliye nyuma: egesha hapo ulipo, huku kumejaa. Simu ile ina faida kwa sababu inapigwa na mtu mmoja, kwa dereva mmoja, kwa wakati wake, na ikishapigwa imekwisha. Ubongo nao una vimeng'enya vinavyoivunja anandamidi ndani ya muda mfupi. Moshi wa bangi hauijui foleni. Unampigia simu kila dereva kuanzia Mombasa hadi Kampala kwa wakati mmoja, na kuendelea kupiga kwa saa kadhaa. Hata waliokuwa wakielekea mahali pengine kabisa, kama vile kwenye kumbukumbu ya kazi aliyoagizwa mtu asubuhi, husimama.

Majaribio ya panya wakubwa yanathibitisha tofauti hiyo. Mwaka 2005 Jasmeer Chhatwal, Michael Davis na Kerry Ressler, wakiwa Atlanta, waliwapa panya dawa isiyoleta chochote kutoka nje. Inazuia tu anandamidi ya ndani isiondolewe mapema. Hofu ilizimika vizuri zaidi. Walipotumia rimonabanti, inayoziba CB1, kuzimika kuliharibika. Habari ya rimonabanti inastahili kukumbukwa, maana iliwahi kuuzwa kwa binadamu. Ulaya iliiruhusu mwaka 2006 kama dawa ya kupunguza unene, kwa jina la Acomplia, na mwaka 2008 ikasimamishwa kwa sababu watumiaji walianguka kwenye majonzi mazito na hata fikra za kujiua. Walioitengeneza walilenga tumbo, wakagusa mahali ambapo moyo hutulizwa.

Hapa ndipo serotonini inapoingia, na mambo yanapoanza kugoma kunyooka. Serotonini nyingi ya mwili iko matumboni, lakini ile ya kichwani hutoka kwenye vishada vidogo vya seli katika shina la ubongo, vinavyoitwa rafe, ambavyo nyuzi zake huenda karibu kila mahali, pamoja na amigdala. Mifumo hii miwili inasikilizana. Mwaka 2007 kundi la Gabriella Gobbi wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, liliwapa panya kemikali inayofanana kwa kazi na THC na kusikiliza seli za rafe kwa sindano nyembamba ya umeme. Kwa dozi ndogo, seli za serotonini zilichangamka. Dozi ilipoongezwa zilinyamaza, zikashuka hata chini ya zilipoanzia. Kitu kilekile, panya walewale, majibu mawili yanayokinzana, na cha kuyatenganisha ni kipimo. Sasa mtafute mtu mpakani anayeweza kukuambia msokoto wake una miligramu ngapi za THC. Bangi ya shamba hili na ya shamba la ng'ambo ya mto hazilingani, wala pumzi ya kwanza na ya tano. Anayesema ilimtuliza na anayesema ilimtia wasiwasi wa kuona kila taa ya gari ni ya polisi huenda wanasema kweli wote wawili.

Wapenzi wa vidonge wasishangilie mapema. Sitalopramu, fluoksetini na sertralini huiacha serotonini ikae muda mrefu zaidi kati ya seli na seli, na ungetarajia panya atulie mara moja. Nesha Burghardt na wenzake katika maabara ya Joseph LeDoux, New York, waliona kinyume chake: dozi moja ya sitalopramu kabla ya somo la hofu iliikaza hofu. Madaktari wanalijua jambo hilo kwa wagonjwa, ndiyo maana huwaonya kwamba siku za mwanzo wasiwasi unaweza kupanda. Baada ya wiki tatu za dawa hali iligeuka, panya wakawa wazito kujifunza hofu mpya. Lakini mwaka 2013 Burghardt alitoa matokeo mengine: panya waliopewa sitalopramu siku 22 walikuwa wazito pia kujifunza kwamba mlio hauna hatari. Dawa iliyofunga mlango wa kwanza ilifunga na wa pili. Kisha kuna kazi ya Nina Karpova na Eero Castrén wa Helsinki, ya mwaka 2011, inayoelekea kusema kinyume. Panya wadogo waliopewa fluoksetini na kufundishwa usalama kwa pamoja walipona vizuri mno, kiasi kwamba hata waliporudishwa kwenye sanduku la zamani hofu haikuibuka. Waliopewa dawa bila somo hawakupata faida hiyo, na waliopewa somo bila dawa hofu yao ilirudi. Tofauti ya dawa, ya aina ya panya na ya muda inaweza kueleza baadhi ya mgongano huu, si wote. Lisilogongana ni hili: kati ya maabara hizi, hakuna iliyompa panya kidonge, ikamwacha amelala, ikamkuta amepona.

Mtu atasema nimejipinga mwenyewe, kwani panya wa Helsinki wanaonekana walifutiwa hofu kabisa. Ataongeza kwamba mwaka 2000 Karim Nader, katika maabara ileile ya LeDoux, alionyesha kuwa kumbukumbu ya hofu ikiamshwa huwa laini kwa saa chache, na inaweza kuvunjwa kwa dawa inayozuia utengenezaji wa protini. Ni kweli, na ndiyo sababu nilisema "kwa kawaida". Lakini dawa ya Nader ilipenyezwa moja kwa moja ndani ya amigdala, na ni sumu. Hakuna atakayeiweka kwenye rafu ya duka la dawa. Tena hata pale, ilibidi hofu iamshwe kwanza. Anayevuta bangi kila jua linapotua ili asikumbuke anafanya lililo mbali kabisa na jaribio hilo.

Pingamizi kubwa zaidi ni la kawaida: panya si mtu. LeDoux mwenyewe amekuja kukiri kwamba kuganda kwa panya ni namna ya kujikinga na hatari, na kwamba hofu kama mtu anavyoihisi, yenye aibu ndani yake na maswali ya kwa nini mimi, haisomeki kwenye sekunde. Isitoshe, kwa miongo mingi waliotumika ni panya dume, na jike walipochunguzwa ilionekana baadhi yao hawagandi bali hukimbia kwa mshtuko, hivyo kipimo kilikuwa kikiwakosa. Nakubali yote. Ndiyo maana inafaa kutazama watu. Mwaka 2013 Christine Rabinak na wenzake huko Marekani waliwapa watu wenye afya kapsuli moja ya THC, miligramu 7.5, kabla ya somo la kuzima hofu, na kesho yake walilikumbuka somo vizuri zaidi. Matokeo hayo yanawapa nguvu watetezi wa bangi, nami siyafichi. Lakini angalia umbo lake: kapsuli yenye kipimo, mara moja, kabla ya somo. Mwaka 2021 yakaja ya moshi wenyewe. Askari wastaafu 80 wa Marekani wenye kiwewe walivuta bangi za aina tatu, au majani yaliyoondolewa ulevi. Makundi yote yalipata nafuu, pamoja na la majani matupu, na hakuna bangi iliyoyashinda majani hayo.

Jibu hilo halitamridhisha taniboi ambaye amelala chini ya trela akiwa na jinamizi lilelile la ajali, na ambaye msokoto mmoja unampa usingizi. Anajua anachokijua, usiku ule amelala. Tatizo linaanza asubuhi. Mwaka 1990 Bouton na wenzake waliwazimishia panya hofu wakiwa chini ya dawa za kutuliza za jamii ya valiumu. Walipopimwa bila dawa, hofu ilikuwa imerudi. Ubongo uliihesabu dawa kama sanduku: somo la ndani ya ulevi lilibaki ndani ya ulevi, kama usalama wa Mulanda ulivyobaki Mulanda. Majaribio yale hayakuwa ya bangi, na kapsuli ya Rabinak inatuonya tusidai kwamba kila dawa hufungia somo vivyo hivyo. Hata hivyo, anayetulia akiwa amevuta tu anajenga usalama wenye kizingiti, naye atalazimika kukivuka kila siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, lilishauri dawa za jamii ya valiumu zisitolewe kwa watu waliotoka kupatwa na tukio la kutisha, na vidonge vya serotonini visiwe tegemeo la kwanza kwa watu wazima wenye kiwewe.

Tegemeo la kwanza liko wapi, basi? Ushahidi mmoja mzuri upo ng'ambo tu ya mpaka. Frank Neuner na wenzake walifanya kazi na wakimbizi wa Sudan katika makazi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Wakimbizi 43 waligawanywa. Kundi moja lilisimulia maisha yao kwa mpangilio, kuanzia mwanzo, wakipita kwenye tukio la kutisha polepole hadi hofu inyanyuke na kushuka wakiwa bado wanasimulia. Vikao vinne tu. Mengine mawili yalipata ushauri nasaha wa kawaida au elimu kuhusu kiwewe. Mwaka mmoja baadaye, waliobaki na kiwewe katika kundi la simulizi walikuwa asilimia 29. Katika mengine, karibu 80. Ni kundi dogo, na mtu makini asilitundike ukutani kama sheria. Lakini mwaka 2008 timu hiyo ilichapisha matokeo ya Nakivale, kusini-magharibi, kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia 277, na safari hii washauri walikuwa wakimbizi wenyewe waliopewa mafunzo mafupi. Walisaidia. Simulizi ile ni mlio bila umeme. Nayo hailetwi na moshi wala kidonge. Huletwa na mtu anayesikiliza bila kuondoka.

Wapo watakaoniuliza kwa nini tuihangaikie hofu ilhali nyingine ni mlinzi. Dereva asiyeuogopa mteremko hatari wa barabara ya Salgaa ni hatari kwa wote walio mbele yake, na kanabinoidi zikimtoa woga huo hazijamtibu. Panya wa maabara naye, akisikia umeme wa kweli umerudi, anafanya vyema kuganda. Somo la usalama lina haki ya kufundishwa pale tu usalama upo. Kwa kijana anayebeba magendo usiku akikimbizana na doria, hofu yake inasoma ramani sawasawa, na hakuna serotonini ya kumshawishi vinginevyo.

Kwa aliyeokoka na hatari ikaisha, mpangilio ndio wenye kazi. Sheria ya afya ya akili ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2022 na kuzipa kaunti jukumu la huduma hizi. Kwenye makaratasi, hiyo ni nafasi ya kuipanga ratiba upya. Mgonjwa wa huku mpakani, wa Amagoro au Matayos, anayeondoka na fluoksetini ya mwezi mzima na tarehe ya kurudi kuchukua nyingine amepewa nusu ya jaribio la Helsinki, ile nusu ambayo peke yake haikumsaidia panya. Nusu iliyobaki ni kiti cha pili, saa moja na nusu, mara nne, na mshauri ambaye huenda ni mwuza mitumba wa mtaa uleule aliyefunzwa. Na kwa kuwa somo hushikana na mahali, kikao cha mwisho kingefaa kifanyike nje ya zahanati: kwenye kiwanja kilichochomwa, au kando ya barabara ya Bumala ambapo lori lilipinduka, mchana, magari yakipita.